Bomba Nililokukataza Kuligusa

Rehema mwanangu,

Umekwenda kusuka nywele kwa Mama Shani, na najua hutarudi kabla ya alasiri, maana mkikaa pale midomo inafanya kazi kuliko vidole. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, jiko lenyewe limepoa, naandika kwenye daftari lako la sayansi kimu la kidato cha pili, zile kurasa za mwisho ulizoziacha nyeupe. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba. Vumilia usome mpaka chini.

Habari za nauli, za chandarua, za nani umpe shikamoo kwanza ukifika huko shuleni Kimbiji unakokwenda kupika, sikuandikii. Nimeshazisema tangu Jumatatu mpaka ukaanza kuimba ili usinisikie. Naandika kwa sababu ya neno moja ulilolisema Jumapili. Nilipokwambia mama yako mdogo Somoe anaishi huko huko Kimbiji, ulikuwa unakoroga uji. Hukuinua hata uso. Ulisema, "Nikimkuta yule mchawi namwagia uji wa moto, limalizike na jicho lililobaki." Ukaendelea kukoroga.

Rehema, ile ilikuwa sauti yangu mie, imetoka kwenye koo lako. Kesho unakwenda kusimamia majiko matatu ya kuni, masufuria ambayo mtu mzima anaingia ndani, maji yanachemka tangu alfajiri, na yeye yuko mwendo mfupi tu kutoka hapo na hajui kama unakuja. Ukimmwagia, utakuwa umemmwagia kwa uongo wangu. Hilo siwezi kulibeba tena, kwa hiyo leo nalitua.

Kazi ya jiko umeijua, sina la kukuongezea. Kuni mbili ukizigonganisha unajua kwa mlio ipi imekauka na ipi itatoa povu kwenye ncha ikiingia motoni. Unajua kuchota majivu kabla hayajaziba wavu wa chini, maana moto ukikosa hewa hauwaki, unafuka tu. Unajua kupitisha udi unaofuka kwenye matofali na kuangalia moshi wake unavutwa wapi, kwamba hapo ndipo pana ufa, na unajua kuuziba kwa udongo wa kichuguu na majivu na chumvi kidogo. Unajua vile vipande vya mpingo tunavyopewa na wachonga vinyago visitiwe vingi kwa mpigo, vinapasua tofali. Umenizidi kwa hayo yote. Kitu kimoja tu sikukufundisha, nacho ni bomba la moshi. Kila likiziba nilikuwa nakutuma dukani, nafunga mlango wa uani, napanda peke yangu. Wewe ukaamini mle ndani mna dawa za uchawi na mama anaziondoa zisikudhuru. Nikakuacha uamini.

Somoe ni mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuja kutoka Lindi akiwa na miaka kumi na tisa, kama wewe leo, kunisaidia hapa Vingunguti. Mie nilikuwa napika supu ya utumbo na ugali, wateja wangu watu wa machinjioni, wapagazi, madereva wa bodaboda, na yeye alikuwa mtu wa moto. Alikuwa na mkono wa jiko, yule. Anawasha kwa njiti moja. Na wewe ulikuwa mgongoni kwake mpaka ukafika umri wa kuona aibu, na hata hapo ulikuwa unamnyemelea jioni ukitaka kubebwa.

Mkono wangu mie unaujua vizuri wewe. Hutangulia, mdomo unafuata, akili inafika mwisho ikiwa imechoka. Moshi ukirudi usoni, nampiga Somoe mwiko wa mgongoni kwanza. Halafu ndiyo tunaangalia, tunakuta kuni mbichi, na kuni nimenunua mie. Siku nyingine nimempiga kofi mbele ya wateja, tukaja kukuta nimeweka sufuria jipya lisilokaa vizuri kwenye tundu la jiko, moshi unapita pembeni. Sufuria nalo nilichagua mie. Sikumwambia samahani hata mara moja. Nilikuwa namnunulia soda. Anakunywa huku ananiangalia, na mie najiona nimemaliza.

Basi ikaja Ramadhani ile, wewe una miaka saba. Mchana hatukuwa tunapika, jiko lilikaa baridi mwezi mzima. Tulipofungua baada ya Idi, moshi ukatukataa. Moto unawaka vizuri kwa muda mfupi, ukifunga mlango wa kuni tu, moshi unageuka unatoka mdomoni mwa jiko, unajaza banda. Siku ya kwanza wateja walikohoa wakavumilia. Siku ya pili walihamia ng'ambo ya barabara kwa mama mwingine, na nilikuwa nawaona wanavyokula na kunitazama. Na wewe ulikuwa na homa. Usiku unaweweseka, mchana huli. Nikabadilisha kuni. Nikachota majivu. Nikapitisha udi matofali yote, hakuna ufa. Kila nilichokijua nilikifanya, na Somoe nikamzaba makofi kwa kila kitu kilichokataa.

Siku ya tatu akaniambia, "Dada, mie naona tuangalie bomba."

"Bomba lina nini? Fundi kalifunga mwaka jana tu. Shughulika na moto."

Nilikwenda kuchota maji, niliporudi nikamkuta anashuka ngazi, masizi mpaka kwenye kope, na mkononi kashika furushi. Alikuwa anacheka. Mwanangu, nalikumbuka cheko lile. Alikuwa amefurahi kwa sababu kaupata ugonjwa wa jiko, na leo atakunywa soda bila kupigwa.

Mie niliona furushi. Lilikuwa limesukwa kwa waya na vijiti, katikati mna mfupa, mna manyoya ya mkia wa ng'ombe, mna kitambaa chekundu. Na mna nywele. Zilikuwa rasta zako, zile za zambarau ulizovaa kabla ya mfungo, nilizokufumua mwenyewe nikazitupa jalalani. Nikakuona ulivyolala na homa yako ndani, nikaona nywele zako zimefungwa na mfupa, zimetolewa kwenye bomba langu na mikono ya mtu anayecheka. Sikuuliza. Hata neno "nini hicho" halikunitoka.

Nilichomoa kuni jikoni. Ilikuwa inawaka nusu, ile nusu nyingine ndiyo niliyoshika, na kovu la kiganja changu ulilozoea kuniuliza ni la hapo. Nikampiga nayo usoni. Alianguka kwenye ndoo. Nikampiga ya pili, cheche zikaruka kwenye kanga yake, na nikapiga kelele kwamba mchawi huyu, kamfunga mwanangu, kanifungia jiko. Unajua neno lile likitamkwa mtaani kwetu linaita watu gani. Walikuja na walichonacho mkononi. Wengine wale wale walionihama jana yake. Mmoja alimburuta kwa miguu mpaka barabarani, mwingine alimpiga teke la mbavu nikasikia mlio, mwingine akawa anauliza petroli ya bodaboda. Somoe hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anasema, "Dada. Dada." Kwa sauti ya mtu anayekuita uje uone kitu.

Na wewe ulitoka ndani na homa yako, ukaokota jiwe ukarusha. Lilimpata begani. Unakumbuka, kwa sababu umeshawahi kuwasimulia wenzako, na nilikaa kimya ukisimulia. Jiwe lile ni langu, Rehema. Wewe ulikuwa na miaka saba na uliniamini. Usilibebe hata siku moja.

Aliyemwokoa ni Mzee Chande, yule mchinjaji aliyekuwa anakunywa supu bila pilipili. Alikuja na kisu chake, akasimama juu ya Somoe, miguu huku na huku, akasema, "Nguo zenu zina damu ya ng'ombe. Anayetaka kuongeza ya mtu aanze na ya kwangu." Hakupaza sauti. Wakarudi nyuma, mmoja mmoja. Akambeba kwenye mkokoteni mpaka zahanati, na huko likatoka jicho la kushoto. Somoe hakurudi tena kwangu. Mzee Chande naye alimaliza supu yake siku ile na hakunywa nyingine kwangu mpaka anakufa.

Moto uliwaka safi jioni ile, kwa sababu bomba lilikuwa limezibuliwa. Homa yako ikashuka siku ya pili, kwa sababu zahanati walikupa dawa ya malaria. Lakini mtu akitaka kuamini, hapo atakosa nini? Watu walijaa. Walikuja kula kwa mama aliyemkimbiza mchawi. Mie nilijaza mabakuli nikachangamka.

Sasa sikiliza hapa, maana mpaka hapa ungeweza kunihurumia, ungesema mama alikosea, alikuwa na mtoto mgonjwa. Mwaka uliofuata tulifunga tena Ramadhani. Tukafungua baada ya Idi. Moshi ukarudi vile vile, mlango ukifungwa tu. Somoe mwaka mzima hayupo. Nikapanda ngazi mwenyewe, nikainua kile kifuniko cha bati cha juu ya bomba. Kunguru akanirukia usoni akanidonoa hapa juu ya nyusi. Chini yake kulikuwa na mayai matatu, na kiota kilichosukwa kwa waya na vijiti, na mfupa kutoka machinjioni, na manyoya ya mkia, na uzi wa plastiki mwekundu, na kamba ya aproni yangu niliyokuwa naitafuta, na nyuzi za rasta kutoka jalala lile lile.

Nilikaa juu ya bati muda mrefu. Kunguru alikuwa anapiga kelele mtaa mzima na wenzake wakaja, na mie nikawa nawaangalia wanavyochukua vitu jalalani, mfupa huyu, kitambaa yule. Miaka yote walikuwa wanafanya hivyo mbele ya macho yangu. Nikalifahamu lote, mwanangu, pale pale. Halafu nikakitupa kile kiota mtoni, nikashuka, nikapika.

Kosa langu ni hapo. Kipigo kilikuwa hasira na hofu, na hata hicho nitaulizwa. Lakini kunyamaza nilinyamaza kwa akili zangu timamu, kila siku, miaka kumi na moja. Niliogopa wateja. Niliogopa uso wa mama yangu huko Lindi, aliyekufa akiamini amezaa mchawi. Zaidi niliogopa wewe. Ndiyo maana bomba nikalifanya siri, nikawa nalisafisha kwa kujificha mtu asije akakiona kiota akajumlisha moja na moja.

Na ndiyo maana ya bega lako. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, nimerudi sokoni nimekukuta juu ya ngazi umeshika kifuniko, unaniambia, "Mama, humu kuna ndege." Nilikuvuta mguu. Sikufikiria, nilivuta tu, ukaja na ngazi, mfupa wa mtulinga ukavunjika, na wakati unalia nilikuzaba kofi juu yake nikakwambia nimekukataza mara ngapi. Nesi alipouliza, nikasema kateleza. Akakugeukia wewe, na wewe ukasema umeteleza. Ulinitazama ukiwa unasema. Lile bega likikuuma kipindi cha mvua, usiseme ni baridi. Ni mama yako.

Nisamehe. Nimeliandika neno hilo na sina soda ya kuweka pembeni yake.

Sasa bomba, maana kesho kutwa utalihitaji. Shule imefungwa mwezi mzima, majiko yale ni baridi, na kunguru wa Kimbiji hawana tofauti na wa hapa. Utawasha siku ya kwanza, moto utawaka vizuri, utafunga mlango, na moshi utakurudia usoni mbele ya mwalimu mkuu na wapishi wenzako. Nakujua. Mkono wako utatafuta mtu. Utamtazama yule msichana wa kuchochea, kisha mtu atakwambia kuna mama mmoja chongo anakaa hapo karibu, na hapo akili yako itakwenda kwake yenyewe, njia nimeshaichonga mie. Usiende. Weka mikono yote miwili nyuma, ishikane. Sifanyi utani, mie nafanya hivyo siku hizi na watu wanadhani nasali.

Halafu choma karatasi moja chini ya bomba, kwa kile kidirisha cha kutolea masizi. Huenda limepoa tu, na hewa baridi imekaa ndani kama kizibo. Likipata joto, litavuta. Lisipovuta, gonga bomba kwa mpini wa mwiko kuanzia chini ukipanda. Palipo wazi panalia, palipoziba panabana sauti, utasikia mwenyewe. Zima moto, subiri lipoe. Usimwage maji kwenye tofali la moto hata wakikuharakisha, litapasuka. Panda, inua kifuniko, funga uso kwa kanga, maana akiwa na mayai atakudonoa. Ukikikuta kiota, kitoe mchana kweupe, kishushe, kiweke chini wapishi wote wakione. Wafumulie. Waoneshe mfupa umetoka wapi na kitambaa kimetoka wapi. Wakitokea wa kunong'ona, wafumulie tena. Hiyo ndiyo kazi niliyoikimbia.

Kisha piga brashi ya waya masizi yote, ile lami nyeusi inayong'aa ikwangue mpaka uone bati, kwa sababu ndiyo inayoshika moto bomba likanguruma. Likinguruma, funga milango yote ya jiko, moto ufe kwa kukosa hewa, na toa watu nje.

Yule mama anayetuletea samaki ndiye aliyeniambia Somoe yuko Kimbiji. Anakaanga mihogo na samaki kwa jiko la kuni, kajenga mwenyewe. Mwaka jana nilikwenda. Nilikuaga nakwenda msibani. Nilifika mpaka kwenye kona ya nyumba yake nikamwona anachochea, na kila akitaka kitu cha upande wa kushoto anageuza kichwa chote. Moshi ulikuwa unamrudia. Nilisimama pale, na nilijua dawa yake ni nini, nikageuka nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo fungua begi lako sasa hivi, chini ya mashuka. Kuna makapu manne ya wavu wa chuma, fundi kanichomelea wiki hii. Yanavalishwa juu ya bomba, moshi unapita, kunguru hapiti. Uliniuliza kelele za nini nikakwambia ni vyuma vya dirisha, nao ulikuwa uongo, natumaini wa mwisho. Matatu ni ya shule.

La nne ni la mama yako mdogo. Fika kwake mchana, simama mbali kidogo, upande wake wa kulia akuone vizuri. Mwambie shikamoo mama mdogo, mie Rehema. Akikufukuza, ondoka, ana haki hiyo, nenda tena wiki inayofuata. Akikurushia jiwe, usiliokote. Siku akikuacha usogee, mwambie dada yake alipanda bombani mwaka ule uliofuata, na alikiona kilichokuwa mle. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Halafu umuombe ngazi, ukamvalishie bomba lake wewe, maana mtu wa jicho moja hapimi vizuri pa kuweka mguu.

Mama yako